Definitely, probably, maybe: jinsi ya kupima uhakika wako ukiongea Kiingereza na wageni

Wadogo zangu wa Bagamoyo mnaotembeza wageni, na yeyote anayejifunza Kiingereza akawa anakwama kwenye maneno ya uhakika, hii ni yenu. Naongelea definitely, certainly, surely, probably, perhaps, maybe na ndugu zao. Shuleni tulipewa orodha tukakariri, surely hakika, probably labda, perhaps labda, maybe labda, basi imeisha. Labda tatu zote sawa. Ukija kukaa na mgeni ndo unaona hazilingani hata kidogo, na ukikosea hapa mgeni haoni kwamba umekosea sarufi, anaona umemdanganya.

Mi yalinikuta. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe, wanataka kwenda na boti kwenye mikoko upande wa mto Ruvu kuangalia viboko na ndege. Jioni wakaniuliza kesho asubuhi tunaenda? Nikajibu "Yes, we will definitely go." Kichwani nilikuwa nasema tutaenda tu, ile tutaenda ya kwetu ambayo kila mtu anajua ndani yake kuna Mungu akipenda hata kama haijatamkwa. Usiku upepo ukabadilika, alfajiri nahodha kaangalia bahari kasema leo hapana, na alikuwa sahihi kabisa. Nikaenda kuwaambia. Yule mama hakupiga kelele, alisema tu taratibu "But you said definitely." Walikuwa wameshasogeza safari yao ya Zanzibar siku moja mbele kwa ajili ya neno langu moja. Mpaka leo nikilisikia hilo neno namuona amesimama mlangoni, begi dogo mgongoni, kofia mkononi.

Kwa hiyo nikakaa nikajifunza upya, na nilichokipata nakiweka hapa kwa hatua.

Hatua ya 1: Jiulize unajua nini, ndo uchague neno

Nenda soko la samaki asubuhi uangalie vitu vitatu.

Cha kwanza maji. Maji yanakupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi kuliko jana, na jedwali lipo, mtu anaweza kukwambia wiki ijayo siku fulani maji yatakuwa yamekupwa saa ngapi. Hapo ruksa kabisa: The tide will definitely be low at ten.

Cha pili upepo. Januari unajua ni kaskazi, Julai unajua ni kusi, kwa hiyo upepo utakapotoka unapajua kwa sehemu kubwa ila kuna siku unagoma. Hapo unasema: The wind will probably come from the north-east.

Cha tatu samaki. Dau limetoka usiku, litarudi na nini? Hakuna ajuaye, hata nahodha mwenyewe. Maybe they will come back with kingfish. Labda nguru, labda dagaa, labda nyavu tupu.

Ukishika vitu hivyo vitatu umeshika ngazi nzima. Juu kabisa wamekaa definitely, certainly na undoubtedly, hilo la mwisho ni la kuandikia zaidi kuliko kuongelea. Chini yao kuna probably. Probably maana yake umeegemea upande mmoja, yaani ukiambiwa weka hela yako unaiweka upande huo, kwa hiyo Kiswahili chake ni yaelekea, au kwa vyovyote vile nadhani itakuwa hivyo, sio labda. Chini tena wapo perhaps na maybe, hapo hujaegemea popote, inaweza ikawa inaweza isiwe. Possibly inakaa jirani yao au chini kidogo, jambo halijashindikana ila usilitegemee. Ukimwambia mgeni maybe wakati unamaanisha probably unamvunja moyo bure, na ukimwambia probably wakati hujui chochote unampa matumaini ambayo huna.

Perhaps na maybe uzito wao ni mmoja, tofauti ni nguo tu. Perhaps imevaa suti kidogo, utaikuta kwenye maandishi na kwa Waingereza wengi hasa watu wazima, maybe ni ya mdomoni kila siku.

Hapa niongeze kitu ambacho waliosoma madrasa watakielewa haraka. Neno letu labda limetoka kwenye Kiarabu laa budda, ambalo kule maana yake ni hakuna budi, yaani ni lazima. Likavuka bahari likafika huku likawa huenda! Maneno ya uhakika yanateleza hivyo, kila lugha inayapima kwa kipimo chake, ndo maana kutafsiri neno kwa neno hapa kunatuumiza.

Hatua ya 2: Acha kutafsiri hakika kuwa surely

Hii ndo naikuta kwa kila kijana anayekuja kujifunza kwangu, na mi mwenyewe niliisema miaka. Kijana anaulizwa makumbusho yanafunguliwa saa ngapi, anajibu kwa kujiamini "Surely it opens at nine." Yeye anamaanisha hakika, saa tatu. Mgeni anasikia kitu kingine kabisa, anasikia "si inafunguliwa saa tatu, au?" Anaona huyu hana uhakika anatafuta wa kumuunga mkono.

Surely ya siku hizi kwa Mwingereza ni neno la mtu anayeamini jambo lakini hana ushahidi, anataka mwenzake akubali. Surely you are tired after that walk? Yaani jamani si mmechoka nyie. Au mtu anashangaa: Surely you are not going to swim now! Hivi kweli unataka kuogelea saa hizi! Matumizi ya zamani ya surely kama hakika bado yapo, utayakuta kwenye vitabu vya dini na kwenye msemo slowly but surely, na Wamarekani wengine wanalo, kwa hiyo sio kosa la kufa mtu. Lakini kazini ukitaka kusema hakika shika definitely au certainly, utakuwa salama.

Kati ya hayo mawili, certainly ni la heshima zaidi na ndo jibu zuri ukiombwa kitu. Mgeni akisema Could you bring us some water? jibu Certainly, ni kama unasema bila shaka, naleta. Definitely ni la kitu kilichoamuliwa, hakuna kurudi nyuma. Halafu certainly ina kazi nyingine nzuri, ya kukubali kabla ya kupinga: It is certainly an old building, but it is not the oldest. Ni kweli ni la zamani, ila sio la zamani kuliko yote.

Na bila shaka yenyewe? Tuiangalie kwa makini maana hata Kiswahili chetu hatukisikilizi. Ukimkuta mtu katoka safari ya Dodoma ukamwambia "bila shaka umechoka", hivi kweli huna shaka? Unakisia tu. Sasa Kiingereza nacho kina no doubt, na inafanya vilevile: You are no doubt tired, yaani nadhani umechoka. Kwa hiyo no doubt iko chini ya definitely, inakaribia probably. Ukitaka ile ya kuapa kabisa ni without doubt au undoubtedly. Bila shaka ya kukisia ipeleke kwenye no doubt, bila shaka ya kukubali ombi ipeleke kwenye certainly.

Hatua ya 3: Liweke neno mahali pake

Kiswahili kinaturuhusu kuweka labda popote, labda atakuja, atakuja labda, yote sawa. Kiingereza kina mpangilio na ukiukosea wanakuelewa ila inasikika imepinda. Soma hizi kwa sauti, usisome kwa macho tu.

Kitenzi kikiwa kimoja neno linakaa mbele yake. He probably knows the way.

Kitenzi kikiwa ni is, are, am, was, were, neno linakaa nyuma yake. The museum is definitely open. He is probably at the Old Fort. Hii inawachanganya sana watu kwa sababu ni kinyume cha ile ya kwanza, basi mi huwa nawaambia is na wenzake ni wenyeji, wanatangulia kukaa.

Kukiwa na kitenzi kisaidizi, will, have, can na kadhalika, neno linaingia katikati, baada ya kisaidizi cha kwanza. We will definitely walk to Kaole. They have probably left. Visaidizi vikiwa viwili bado ni baada ya cha kwanza: She has probably been waiting for an hour.

Sasa kukanusha, hapa ndo penye mwiba. Ukisema won't, didn't, can't, isn't, neno la uhakika linatangulia mbele yake. He probably won't come. Sio He won't probably come. She definitely didn't pay. Kama hutaki kufupisha basi ni He will probably not come, neno linakaa kati ya will na not. Nilikuwa na kijana mmoja, anatembeza wageni vizuri sana, historia anaijua, lakini kila siku "the boat won't probably go". Tulikaa barazani kwangu jioni tukafanya sentensi moja tu, probably won't, probably won't, kama mtoto anaimba, watoto wa jirani nao wakaishika wakawa wanaimba barabarani. Siku ya tatu akaja mwenyewe, "kaka, leo imetoka yenyewe bila kufikiri." Ndo inavyotakiwa, mdomo uzoee, kanuni itafuata.

Maybe na perhaps hazina haya mambo, zinakaa mwanzoni mwa sentensi umemaliza. Maybe the driver is late. Perhaps they are praying. Perhaps inaweza kuingia katikati pia ila anza na mwanzoni.

Majibu mafupi nayo uyajue: Definitely. Probably. Definitely not. Probably not. Maybe not. Angalia certainly not, hiyo ni kali, ni kama kusema hata siku moja! Mgeni akikuuliza kama kuna mashine ya kutolea hela karibu usimjibu certainly not, sema I don't think so.

Na kama hujui kwa uhakika, sentensi yake ipo na ni nzuri tu: I don't know for sure, but I can ask. Hii imenipa heshima kwa wageni kuliko definitely zangu zote za zamani.

Hatua ya 4: Maybe na may be

Haraka haraka. Maybe ikiunganishwa ni labda, inakaa mwanzoni: Maybe he is sick. May be ikitenganishwa ni vitenzi viwili, inakaa baada ya mtu: He may be sick. Ukiweza kuweka perhaps mahali pake sentensi isivunjike, basi unganisha. Na usibebeshe mizigo miwili, It may probably rain haiendi, chagua moja, It may rain au It will probably rain, na hazina uzito sawa.

Hatua ya 5: Of course na obviously, tembea nazo polepole

Mgeni anakuuliza "Is there a bus to Dar es Salaam in the evening?" Wewe kwa ukarimu wako wote unajibu "Of course!" Kwako maana yake ni ndiyo, wala usiwe na wasiwasi. Kwake inaweza kusikika kama swali gani hilo, nani asiyejua. Of course ni nzuri mtu akiomba kitu, Can I take a photo? Of course. Akiuliza habari ambayo hana namna ya kuijua, jibu Yes, there is.

Obviously ni zaidi. Maana yake kila mwenye macho anaona, sasa ukimwambia mtu ambaye hajaona umemwambia hana macho. Mi nimeiacha kabisa kwenye kutembeza, natumia clearly pale tunapokuwa tunatazama kitu pamoja: You can clearly see the coral stone in this wall. Hapo namuonyesha kwa kidole na anaona mwenyewe.

Hatua ya 6: Habari za kuambiwa zina maneno yake

Hii ndo naijali kuliko zote kwa sababu sisi Bagamoyo tunauza historia, na historia ina sehemu tunazozijua na sehemu tunazoambiwa na wazee, na mgeni ana haki ya kujua ipi ni ipi.

Chukua misheni ya Wakatoliki ya hapa mjini. Ilianzishwa 1868, hiyo imeandikwa. Mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, uliletwa hapa Februari 1874, umebebwa na watumishi wake kina Susi na Chuma na wenzao kutoka kule alikofia 1873, ukazikwa Westminster Abbey London Aprili 1874. Hayo sema bila kusita, na kwa kweli jambo lililoandikwa hata halihitaji neno la uhakika, unasema tu His body was brought here in February 1874. Ukiweka definitely kwenye kitu ambacho hakuna aliyekipinga mgeni anaanza kujiuliza kwani kuna mtu anabisha?

Halafu jina la mji. Wengi tunawaambia wageni jina limetoka bwaga moyo, watumwa waliacha mioyo yao hapa. Wengine wanasema ni wapagazi wa misafara, wametembea kutoka bara miezi, wakifika pwani wanatua mzigo wanabwaga moyo, wanapumzika. Mi naona ya wapagazi ina nguvu zaidi maana hapa ndo safari yao ilikuwa inaishia, lakini siwezi kuapa. Basi nasema hivi: The name probably comes from the porters, who could finally rest here. Perhaps the slaves gave it another, sadder meaning. Wageni wanapenda hii kuliko hadithi moja iliyonyooka, wanaanza kuuliza maswali, mnakaa chini ya mti nusu saa nzima mnaongea.

Mbuyu wa kwenye magofu ya Kaole sasa, ule unaoambiwa ukiuzunguka unaongeza umri. Hapo maneno ni apparently na people say. People say that if you walk around it, you will live longer. Apparently watu wengi wanaifikiria vibaya, wanadhani ni inaonekana wazi. Hapana, apparently ni nasikia, au kwa ninavyoona mimi, siwekei dhamana. Apparently the bus has left, yaani nasikia gari limeshaondoka. Neno zuri sana kwetu tunaoishi kwa habari za barazani.

Na tafadhali, Bagamoyo sio World Heritage Site, yaani Urithi wa Dunia, usiseme definitely kwenye hiyo. Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ambayo Bagamoyo ni mwisho wake, iko kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006. Sema It is on the tentative list, and maybe one day it will be a World Heritage Site. Natamani sana siku hiyo ifike na mi bado niko kazini.

Hatua ya 7: Inshallah unaipeleka wapi

Sisi hatuwezi kuongelea kesho bila inshallah na sikwambii uiache. Ila mgeni asiyeijua haelewi kama umesema ndiyo au umesema labda, na kusema kweli sisi wenyewe kuna inshallah ya ndiyo na kuna inshallah ya hapana yenye adabu. Kwa hiyo ikifuatana na neno la kipimo inakaa vizuri: We will probably go at seven, inshallah, but the captain decides in the morning. Kama nilivyotakiwa kuwaambia wale wawili.

Possibly nayo ina upande wa adabu. Could you possibly wait ten minutes? ni kuomba kwa unyenyekevu, tafadhali kama inawezekana. Na ikikaa na can't inakuwa haiwezekani kabisa: I can't possibly eat all this, utaisikia mgeni akiwekewa sinia la wali na samaki mzima. Anasifu, hajakasirika, mwambie apunguze tu.

Kuandika kidogo kabla sijasahau. Definitely, katikati yake kuna finite, hakuna a popote. Ukiandika defiantly kwenye ujumbe kwa mgeni umeandika kwa ukaidi, "I will defiantly come", na simu zinapenda kulibadilisha hivyo zenyewe, soma kabla hujatuma.

Hatua ya 8: Zoezi la jioni

Andika sentensi tano za mambo ya kesho, za hapahapa mjini, maji, boti, gari, mvua, nani atafungua duka. Kila moja iwe na neno la uhakika. Halafu mpe mwenzako asome na kila sentensi akuulize swali moja tu, How do you know? Ukikosa jibu shuka ngazi moja. Fanyeni wiki mbili.

Yule kijana wa probably won't aliandika The bus to Dar definitely leaves at six. Nikamuuliza umejuaje? Akasema konda kaniambia. Nikamwambia konda anaondoka gari likijaa, unamjua vizuri kuliko mimi. Akafikiri, akafuta, akaandika: The bus will probably leave around six, when it is full. Kesho yake mgeni wake alifika stendi saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, akakaa dirishani na chupa yake ya maji, gari likatoka saa kumi na mbili na dakika ishirini, na akiwa ndani akampungia mkono mpaka walipokata kona.